Siku ya Mayai Mirebrune

Hivi wewe, kile kinywaji unachokipenda kuliko vyote, unajua jina la aliyekitengeneza? Sisemi jina la kampuni. Nasema jina la mtu, mwenye mke, mwenye viatu vya kazi na mgongo unaomsumbua baridi ikizidi.

Wengi hawajui, na wala hawaoni aibu. Chupa ya mvinyo wa Mirebrune inafunguliwa Paris, inafunguliwa London na Tokyo, watu waliovaa vizuri wanainusa huku wamefumba macho, halafu wanaigeuza kusoma lebo. Hapo kuna mchoro wa nyumba yenye minara miwili, na jina la bwana mmoja aliyekufa kabla reli haijafika Médoc, kule Ufaransa, ambaye kwa jinsi wazee wanavyosimulia hakuwahi kushika mkasi wa kukatia zabibu hata siku ya mavuno. Jina la Élie Dupouy, anayeutengeneza mvinyo wenyewe, halipo. Halipo mbele, halipo nyuma, halipo hata kwenye yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Hiyo ni dhuluma, tuiite kwa jina lake. Lakini ukienda kumwambia Élie mwenyewe maneno hayo anakuangalia kama unayemlalamikia mvua. "Lebo ni karatasi tu, bwana," husema. "Ikilowa inabanduka."

Alizaliwa katika nyumba ya mawe iliyo nyuma ya ghala la mapipa la shamba la Mirebrune, upande ambao upepo unaleta harufu ya tope la mto. Baba yake, Anselme, alikuwa mkuu wa ghala, na alikuwa mtu wa maneno machache ambayo mengi yake yalielekezwa kwa mapipa. Élie alijifunza kutembea akishikilia pipa moja hadi jingine. Alipokuwa mkubwa wa kutosha kufanya kazi, baba yake alimfundisha kitu ambacho mashamba mengi ya jirani yalikwisha kukiacha: kuhamisha mvinyo kutoka pipa hadi pipa kwa mshumaa. Unafungua tundu dogo sehemu ya chini ya uso wa pipa, mvinyo unashuka wenyewe, na kila baada ya muda unakinga kidogo kwenye glasi na kuutazama mbele ya moto. Ulimi wa moto ukionekana umesimama sawasawa, acha mvinyo uendelee. Moto ukionekana umefunikwa na kitu kama pumzi ya mtu kwenye kioo, mashapo yamefika, ziba haraka. Anselme alikuwa akisema kwamba mtu mwenye pupa hafai kazi hii, na kwamba mtu mwenye usingizi hafai zaidi.

Baba alipokufa, Élie akachukua ufunguo wa ghala. Na hapo ndipo yule kijana mpole, ambaye watu walidhani atafuata njia ya baba yake kama punda anavyofuata njia ya kisimani, alianza kupindua mambo.

Kwanza aliondoa pampu. Alisema pampu inaupiga mvinyo, inauchosha kabla haujakua, na kwamba zabibu zikipandishwa juu mara moja, zikiwa bado zabibu, basi kila kitu kinaweza kushuka chini kwa uzito wake mwenyewe hadi kwenye pipa. Madamu Sarrazet, mwenye shamba, alimsikiliza akiwa amekaa juu ya pipa, miguu ikining'inia, maana hana makuu mama yule. Akamuuliza, "Sasa unataka nibomoe paa?" Élie akajibu, "Upande mmoja tu, Madamu." Paa likabomolewa.

Kisha akaleta kondoo wa jirani kula majani katikati ya mizabibu wakati wa baridi, ili wafanyakazi wasiendelee kumwaga sumu ya magugu ardhini. Hapo vijana waliosoma vitabu vya ardhi na haki yake walimshangilia, na wazee walimcheka. Kisha akaleta mitungi ya udongo, mirefu kama mtu mzima, akaijaza mvinyo wa shamba la mteremkoni. Mwaka wa kwanza mitungi ikavuja. Haikuvuja kwa ufa, hapana, ilitoka jasho, jekundu, kila upande. Firmin, msaidizi wake wa miaka yote, mtu mwenye mashavu ya kupendeza na mdomo usio na breki, alileta taulo akalining'iniza shingoni mwa mtungi.

"Mpumzishe kidogo, Mzee," alisema. "Huyu amekimbia sana."

Élie alicheka hadi akakaa chini. Mwaka uliofuata alitafuta mfinyanzi anayechoma udongo kwa moto mkali zaidi, na mitungi ikanyamaza. Ndivyo alivyo. Anakosea mbele ya watu, anacheka nao, halafu anarudi kazini. Laiti wakubwa wote wangekuwa na ujasiri huo, nchi nyingi zingekuwa mbali sasa.

Basi tuje kwenye mayai.

Huku Médoc, mvinyo mwekundu ukikaribia kutiwa kwenye chupa, hupewa ute wa mayai. Ute unapigwa kidogo kwa kipekecho, unamiminwa ndani ya pipa, nao unashuka polepole ukikokota kila kilichokuwa kinaelea, pamoja na ule ukakasi unaokausha ulimi. Ni kazi ya tangu zama za kale. Mapipa ni mengi, na kila pipa linataka mayai kadhaa, kwa hiyo mwishoni mwa baridi, siku ya Ijumaa inayojulikana na kila mtu bila kutangazwa, wake za wafanyakazi wa Mirebrune huja ghalani na mabakuli. Wanapanga meza ndefu karibu na mlango. Wanapasua mayai kutwa. Ute unakwenda kwenye mvinyo, na viini, ndoo kwa ndoo, vinakwenda majumbani kuokwa zile keki ndogo za vikombe vya shaba, nyeusi nje na laini ndani. Siku hiyo habari zote za mwaka zinasemwa mezani hapo. Nani kaolewa, nani angekuwa amemwacha mumewe zamani kama si nyumba. Bei ya dizeli. Wanaume wanapita kwa adabu, wakijua kwamba wanasemwa.

Mkuu wa meza hiyo ni Maryse, mke wa Élie. Kabla yake alikuwa mama yake Élie. Maryse alikulia kwenye nyumba ya wafuga kuku, na hapasui yai kabla ya kulitazama mbele ya mshumaa, akilizungusha kwa vidole viwili, kuona kama ndani kuna kivuli. Yai lenye kivuli linawekwa kando. Hakuna aliyewahi kumkuta amekosea.

Na huyo mumewe ndiye aliyetaka mayai yaachwe.

Hakuwa na ugomvi na mayai. Alikuwa ameonja miaka mingi, kabla na baada, na alihisi kwamba ute ukipita unachukua na kitu kingine, harufu fulani ya ardhi ya changarawe baada ya mvua, ambayo ndiyo inayofanya Mirebrune iwe Mirebrune. Tangu pampu ziondoke, mvinyo wake ulikuwa laini wenyewe. Alifikiri mshumaa na subira vinatosha. Mwaka uliotangulia aliomba mapipa machache yasipewe ute, yahamishwe tu kwa mshumaa, mara nyingi zaidi. Chupa za mvinyo ule zilikuwa zimelala ghalani bila lebo, karibu na wenzao waliopewa mayai. Sasa ulikuwa umefika wakati wa kulinganisha, na Madamu alikuwa amesema wazi: ukishinda, mvinyo mkubwa wa Mirebrune hautaona yai tena.

Nyumbani Maryse hakugomba. Alipika mayai. Jumatatu omleti. Jumanne mayai ya kuchemsha kwenye saladi. Jumatano mayai yaliyoivia ndani ya mchuzi wa mvinyo, na Élie, ambaye anakipenda sana chakula hicho, alikula huku akijua kwamba analiwa yeye.

"Maryse," alisema mwishowe, "nyama imepotea mjini?"

"Nyama ipo. Nilidhani uagane nayo mayai vizuri."

"Mimi sijasema mayai yafukuzwe duniani."

"Yafukuzwe ghalani tu. Na sisi pamoja nayo." Alimwongezea mkate. "Kula, mume wangu. Mama yako alipasua mayai pale akiwa na mimba yako, uchungu ukamkuta na bakuli mkononi. Lakini sayansi ni sayansi."

"Siyo sayansi. Ni mvinyo."

"Basi mvinyo ni mvinyo. Kula."

Alikula. Usiku ule alilala vizuri, maana ni mtu anayelala vizuri, lakini alfajiri aliamka na swali moja: kama atashinda, atakuwa amemnyang'anya mke wake kitu gani hasa? Hakupata jibu alilolipenda. Kwa upande mwingine aliyaona yale mapipa, na hakuweza kujilazimisha kuamini kwamba mvinyo utiwe kitu usichokihitaji ili watu wapate mahali pa kukutania. Wote wawili walikuwa na haki. Hilo ndilo lililomuudhi.

Alhamisi, siku moja kabla ya Ijumaa ya mayai, Madamu Sarrazet alishuka ghalani. Firmin alifungua chupa za aina zote mbili, akamimina kwenye glasi huku wenzake wamempa mgongo. Wakaonja, wakatema kwenye ndoo, wakaonja tena. Madamu alichagua glasi ya kushoto. Élie alichagua ya kushoto. Firmin, ingawa mmiminaji hana kura, alichagua ya kushoto, akaongeza kwamba ya kulia ni nzuri pia na asingeimwaga. Ya kushoto ilikuwa ile isiyo na mayai.

"Kwa ulimi, yamekwisha," Madamu alisema. "Lakini watu hawanywi kwa ulimi tu, Élie. Wananyanyua glasi kwenye taa. Wakiona ukungu wataniambia Mirebrune inauza matope. Nani ataniambia kama ni safi? Macho yangu unayajua, jana nilimsalimia mti."

"Mimi nasema ni safi."

"Wewe ni baba wa bibi harusi. Huulizwi kama anapendeza."

Firmin alikuwa anafuta shingo ya chupa kwa leso. "Mwiteni Maryse," alisema.

Élie alimtazama kama mtu anayemtazama mbwa wake aliyemuuma.

"Maryse ana lake katika jambo hili," alisema.

"Na wewe huna?" Madamu akauliza. "Macho ya nani mengine hapa yanaona ndani ya yai?"

Maryse alikuja na aproni yake, mikono ina unga. Aliwasalimia, akamwambia Madamu kwamba koti lile linampendeza, akamwambia Firmin kwamba mkewe anamtafuta kuhusu bomba la jikoni. Kwa mumewe hakusema kitu. Firmin akawageuza tena, akamimina upya, akachanganya glasi hata yeye mwenyewe akafika mahali pa kuangalia alama aliyoiweka chini ya kitako. Akaziweka mbele ya mshumaa.

"Dada Maryse," alisema, "moja ina mayai, moja haina. Tuambie ipi ina wingu."

"Zimeni taa ya umeme."

Taa ikazimwa. Ghala likabaki na ule moto mmoja, na safu za mapipa zikarudi nyuma gizani. Maryse alinyanyua glasi ya kwanza kwa vidole viwili, akaizungusha jinsi anavyozungusha yai. Akaiweka chini. Akanyanyua ya pili. Akairudia ya kwanza. Élie alikuwa amesimama pembeni, anaona uso wake ukiwa mwekundu kwa mwanga uliopita kwenye mvinyo, na alijua, kama kila mtu pale alivyojua, kwamba mke wake hana haja ya kuona chochote. Aseme tu "hii ina wingu". Akibahatisha, ana nusu ya bahati ya kuiangukia ile isiyo na mayai, na Ijumaa ingebaki Ijumaa. Nani angemshika?

Alikawia. Nta ikashuka upande mmoja wa mshumaa.

"Sioni tofauti," alisema Maryse.

"Angalia tena," Madamu alisema kwa upole. "Hakuna haraka."

"Nimeangalia, Madamu. Moto umesimama kwenye zote mbili. Zote ni safi." Aliweka glasi mezani, akapangusa vidole kwenye aproni. "Kama kuna mayai humo, yalikuja kutembea tu."

Firmin alianza kucheka, akaona nyuso za wenzake, akaacha. Madamu alimshika Maryse mkono, akasema asante, na kwamba basi, imeamuliwa. Élie alitaka kusema kitu. Alichokuwa nacho mdomoni ni jina la mke wake tu, akalisema, "Maryse," naye akajibu, "Taa, washeni taa, nisije nikajikwaa," akaondoka zake.

Kuna watu wanapewa nishani kwa mambo madogo kuliko hilo. Wabunge wanaapa kwa mkono juu, na wakiguswa maslahi yao wanaona mawingu mahali pasipo na hata moshi. Mwanamke huyu aliulizwa swali ambalo jibu lake la kweli lilikuwa linamtoa kwenye meza yake, na hakuna kamera, hakuna hakimu, akajibu alichokiona. Hilo nalo halitaandikwa kwenye lebo.

Jioni alipika nyama ya kondoo na maharage meupe. Élie aliitazama sahani kwa muda.

"Mayai yamekwisha?" aliuliza.

"Ya leo yamekwisha."

"Maryse, ulijua nilichokuwa nataka. Ungeweza..."

"Ningeweza nini? Kusema yai bovu ni zima?" Alikaa, akajimiminia mvinyo. "Una kichwa kigumu, Élie, lakini mvinyo wako ni safi. Nilikasirika zaidi nilipoona ni safi. Ningekukuta na matope ningekucheka hadi mavuno."

"Na Josiane, na wenzako wa meza ya mayai? Umewaambia?"

"Nimewaambia Madamu alivyosema."

"Wamesemaje?"

"Wamesema kesho wataleta mabakuli."

Élie alidhani ni mzaha, akacheka. Maryse hakucheka, lakini hakuonekana mwenye huzuni pia. Alikula vizuri, akauliza kama mitungi mipya itafika kabla ya mavuno, wakazungumza habari za mitungi mpaka mvinyo ukaisha kwenye chupa.

Asubuhi iliyofuata, Élie alipotoka kwenda kufungua ghala, alikuta gari la Dubosq, mfuga kuku wa kijiji cha Cissac, limeegeshwa uani na milango ya nyuma iko wazi. Trei za mayai zilikuwa zimepangwa hadi kiunoni.

"Nani kaagiza?" Élie aliuliza.

Dubosq alimshangaa. "Tangu lini yanaagizwa? Ni Ijumaa ya mayai. Baba yangu alileta, mimi naleta."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka mzima walipima, wakaonja, wakazima taa na kuziwasha, na katika watu wote wa Mirebrune hakuna aliyekumbuka kwamba kuku hawakuarifiwa. Élie alidhani Madamu atamwambia Dubosq, Madamu akadhani Élie, na Maryse hakudhani kitu, maana yeye hakuulizwa.

Meza ndefu ilikuwa tayari mahali pake. Josiane na wenzake walikuwa wameketi na aproni zao, wanapasua na kusema, na Élie alipokaribia mazungumzo yakafa kidogo kisha yakafufuka, jinsi yanavyofanya siku zote. Viini vilikuwa kwenye ndoo za keki. Ute mwingi, aliona, ulikuwa kwenye beseni pembeni na mfuko wa sukari, wa kuokwa vile vitamu vyeupe vinavyoyeyuka mdomoni, ambavyo Josiane alikuwa ameshawaahidi watoto wa shule nzima.

Na bakuli moja lilikuwa limetengwa peke yake.

Kila mwaka, zabibu zikishakamuliwa kwa mara ya mwisho, ule mvinyo mkali unaotoka chini ya mashine, mweusi, wenye ukakasi wa kukunja uso, hutengewa pipa moja. Ni pipa la wafanyakazi. Linanywewa kwenye karamu ya mwisho wa mavuno yanayofuata, na halina lebo wala bei. Maryse alikuwa amelivingirisha hadi karibu na mlango, yeye na Firmin, ambaye alikuwa anahema na kutazama dari.

"Madamu alisema mvinyo wake hautaki mayai," Maryse alisema bila kugeuka. "La pipa letu hakulisema."

Élie aliinama, akachota tone kwa bomba la kioo, akaonja. Ulimi ukakauka hadi kooni. Mvinyo ule ulikuwa unalia kutaka mayai. Alinyoosha mgongo, akawaangalia wote wanaomwangalia, akaenda ukutani kuchukua kipekecho cha mama yake kilichokuwa kimetundikwa, akamkabidhi mke wake.

Maryse alikipokea. "Usisimame tu hapo kama mtalii," alisema, akamsukumia kigoda na trei ya mayai ambayo hayajatazamwa.

Élie aliketi katikati ya wanawake. Akawasha mshumaa, akachukua yai la kwanza kwa vidole viwili, akalizungusha polepole mbele ya moto.

"Hili lina kivuli," alisema.

Maryse aliinama juu ya bega lake, akaangalia.

"Hicho ni kidole chako," alisema, akalichukua yai, akalipasua.